Jitu la Tokyo Mbele ya Watazamaji wa Ozi

Kuna kisa kimoja kilichopendwa mno na maafisa wa serikali ya kikoloni. Kilisimuliwa katika makoloni mengi ya Uingereza barani Afrika, na aghalabu kila msimulizi alidai kwamba kilitokea katika wilaya yake au ya rafiki yake. Yasemekana bwana afya mmoja aliwaonyesha wanakijiji filamu kuhusu malaria. Mbu akajitokeza kwenye kiwambo, mkubwa kuliko fahali, ili miguu yake na mdomo wake wa kufyonzea damu vionekane barabara. Filamu ilipokwisha wanakijiji walimshukuru mgeni wao, wakampa pole kwa mbu wa kutisha walioko kwao Ulaya, kisha wakamweleza kwamba wao, kwa bahati njema, wana mbu wadogo tu wasio na madhara.

Safari nyingine mbu huyo huwa nzi, safari nyingine chawa. Wanahistoria wa sinema waliokifuatilia kisa hiki wamekitilia shaka. Hata hivyo, juu ya visa vya aina hiyo ilijengwa sera nzima. Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa mtumishi wa afya nchini Nigeria, alishikilia kwamba Mwafrika anahitaji filamu za namna ya pekee: picha zikawie, matukio yafuatane moja kwa moja, hila za kamera ziepukwe, na kitu kisikuzwe ghafla mtazamaji asije akapotea njia.

Kinachonistaajabisha ni kwamba katika masimulizi niliyoyasoma ya kisa hicho hakuna afisa aliyewaza kuwa huenda mwanakijiji yule alikuwa akimfanyia mgeni mzaha. Mimi nimeishi pwani muda wa kutosha kuitambua kejeli inapovishwa kanzu ya heshima. Kumpa mtu pole kwa ukubwa wa mbu wake ni maneno ambayo mzee yeyote wa Lamu au Kipini angeyatamka bila kutingisha hata ukope.

Na hata wakati ule ushahidi wa kinyume ulikuwapo. Mwanasayansi Julian Huxley, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1929, aliwaonyesha wanafunzi filamu na kuona kwamba walizielewa vizuri kuliko alivyoambiwa. Baadaye, kati ya mwaka 1935 na 1937, Meja Notcutt na mwenzake Latham walifungua kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35, wakazitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, maelezo yakitolewa kwa santuri katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Angalau hao waliona haja ya kuandika watazamaji walisema nini.

Nimeanza mbali hivi kwa sababu mwalimu wa fasihi hana budi kujiuliza yeye yuko upande gani: wa bwana afya anayelijua jibu kabla ya kuuliza, au wa anayesikiliza. Swali hilo lilinijia kwa nguvu nilipoionyesha filamu ya kutisha ya kiumbe kikubwa kuliko mbu yeyote, mbele ya hadhira ya Ozi, karibu na mdomo wa Mto Tana.

Filamu yenyewe ni Gojira, iliyotolewa nchini Japani tarehe 3 Novemba 1954, na ambayo ulimwengu umezoea kuiita Godzilla. Mwelekezi wake alikuwa Ishiro Honda, na mbinu za kamera zilikuwa za Eiji Tsuburaya. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe na huchukua dakika 96. Jina la kiumbe limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya Kijapani, la sokwe na la nyangumi. Jitu hili, lenye urefu wa mita 50, huamshwa kutoka vilindi vya bahari na majaribio ya bomu la haidrojeni. Linazamisha meli, linavamia kisiwa cha wavuvi, kisha linaingia Tokyo na kuiteketeza kwa pumzi yake.

Msomaji aelewe kwamba ziko filamu mbili. Mwaka 1956 Wamarekani waliikata ile ya kwanza, wakaifupisha hadi dakika 80, wakamtia ndani mwigizaji wao, Raymond Burr, awe mwandishi wa habari anayeyashuhudia mambo na kuyaeleza. Yaliyotolewa ndiyo yenye uzito: abiria wa gari la moshi wanaolalamika kuhusu samaki wenye sumu ya atomiki na mvua yenye sumu, mwanamke anayesema kwamba aliponea chupuchupu huko Nagasaki, na onyo la mwisho la Profesa Yamane kwamba majaribio yakiendelea, Gojira mwingine atatokea. Filamu ya Marekani humalizika kwa watu kushusha pumzi. Kwa miaka mingi nje ya Japani ndiyo iliyotazamwa, na maoni mengi yaliyoandikwa kwamba hii ni sinema ya kitoto ya mjusi wa mpira yalitokana nayo. Sinema za Marekani zilianza kuonyesha ile asilia kwa upana mwaka 2004 tu, miaka 50 baada ya kutengenezwa.

Niliichagua ile asilia.

Ozi ni kijiji cha Wapokomo, wakulima wa mpunga na wavuvi, kilomita chache kutoka Kipini ukipanda mto kwa mashua. Mamba na viboko ni majirani wa huko, majirani wabaya. Tuliitazama filamu usiku baada ya sala ya isha, wakati wa likizo ya Agosti, kwenye shuka iliyotundikwa ukutani, kwa projekta ndogo iliyotumia betri ya sola. Walikuwapo wanafunzi wa sekondari waliokuwa nyumbani, walimu wawili, wavuvi, akina mama kadhaa na wazee. Maneno ya filamu ni Kijapani na maandishi ya chini ni Kiingereza, hivyo nilisimama kando nikafasiri kwa sauti. Kazi hiyo ina mabingwa wake: Lufufu aliyevuma Tanzania, DJ Afro hapa Kenya, na wenzao wa Uganda, ambao sauti zao zimefanya filamu za kigeni zizungumze lugha ya vibandani. Ukifikiri, hata Raymond Burr alikuwa mfasiri wa aina hiyo, ila yeye alijitia ndani ya picha. Mimi niliamriwa kunyamaza mara mbili. Waliona wanaelewa bila msaada wangu, na kweli walielewa.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa vijana. Wamekwisha kuona majitu ya kisasa kwenye simu zao, yaliyoundwa kwa kompyuta, na mara moja walitambua kwamba Gojira ni mtu aliyevaa vazi na kwamba vifaru vya kijeshi ni vya kuchezea. Niliwaeleza kwamba ndani ya vazi hilo, lenye uzito wa takribani kilo 100, alikuwamo Haruo Nakajima, ambaye hakuweza kukaa humo kwa muda mrefu kwa sababu ya joto, na kwamba picha zilipigwa kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida ili zinapoonyeshwa, mwendo uwe wa polepole na mzito. Mngurumo ulitengenezwa na Akira Ifukube, mtunzi wa muziki wa filamu, kwa kusugua nyuzi za kontrabasi kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo. Mvulana wa kidato cha tatu akauliza, "Mwalimu, ikiwa ni mtu, mbona hatembei kama mtu?" Hakujua kwamba alikuwa akimpongeza Nakajima, ambaye alikwenda katika bustani ya wanyama kuutazama mwendo wa tembo na dubu kabla ya kuigiza.

Wavuvi hawakucheka, ila waliona kasoro nyingine kabisa. Mmoja wao alisema kwamba Gojira ni mnyama wa watu wa mjini. Anatembea kwa kishindo, ananguruma kabla ya kufika, anampa kila mtu nafasi ya kukimbia. "Mamba hana sauti," alisema. "Ukisikia kitu, keshampata mwenzako." Kwa maoni yake sehemu ya kutisha ni ile ya mwanzo, kabla jitu halijaonekana, mabaharia wanapostarehe juu ya sitaha na bahari ikabadilika ghafla ikawa nyeupe kwa mwanga. Baada ya hapo, alisema, hofu inapungua kila wanapomwonyesha.

Wahakiki wa sinema wameandika kurasa nyingi kufikia hukumu hiyo hiyo. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotolewa mwaka 1975, papa wake wa mitambo aliharibika mara kwa mara majini, ikabidi filamu iendelee kwa sehemu kubwa bila papa kuonekana. Wengi huhesabu kuwa kasoro hiyo ya mitambo ndiyo iliyoiokoa filamu. Mvuvi wa Ozi hahitaji kufundishwa jambo hilo. Analijua kila anapotia mtumbwi mtoni alfajiri.

Nilipowasimulia asili ya picha zile za mwanzo, kimya kiliingia. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, lenye nguvu takriban mara 1,000 ya lile la Hiroshima. Mashua ya Kijapani ya kuvulia jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari, lakini majivu meupe yaliwanyeshea wavuvi wake wote 23. Mwendesha redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba, na wiki 6 hivi baadaye Gojira ikaingia katika majumba ya sinema. Mtazamaji wa Tokyo aliyeona mashua ikiwaka juu ya kiwambo alikuwa amesoma habari hizo gazetini. Swali la kwanza lililotoka Ozi lilikuwa, "Walilipwa?" Walilipwa. Mwaka 1955 Marekani iliipa Japani dola milioni 2, ikisisitiza kwamba haikubali kuwajibika kisheria. Wavuvi walitazamana kama watu waliosikia habari za ndugu.

Katikati ya filamu kuna picha ya mama aliyejikunyata kando ya jengo, amewakumbatia watoto wake, huku moto ukizidi kukaribia. Anawaambia kwamba karibu watakuwa pamoja na baba yao, naye baba ni marehemu. Nilipofika hapo nikafasiri kwa sauti ya chini. Mama mmoja miongoni mwa watazamaji aliinuka, akajitanda leso, akaondoka pamoja na mtoto wake.

Asubuhi nilimkuta akianika mpunga, nikamsalimu, nikamuuliza kama filamu ilimwogofya. Alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "mnyama hachomi nyumba."

Wasomaji wa magazeti watakumbuka kwamba kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa mwaka 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana, Wapokomo na Waorma. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani: vijiji vilichomwa, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Sikumuuliza mama yule alikuwa wapi wakati huo. Lakini sentensi yake fupi imesema juu ya filamu hii jambo ambalo makala marefu hayajalisema kwa wazi hivyo. Honda aliporejea kutoka vitani China mwaka 1946 alipitia Hiroshima. Tokyo aliyoionyesha ikiwaka ilikuwa imekwisha kuwaka kweli, usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilipoua watu wapatao 100,000. Gojira ana mkia na magamba, lakini anayoyatenda ni matendo ya binadamu, na mama wa Ozi hakudanganywa na magamba. Baadhi ya wahakiki wa Japani mwaka 1954 waliilaumu filamu kwa kuufanya msiba wa taifa kuwa bidhaa ya burudani. Mimi siafikiani nao, lakini mtu anapoinuka na kutoka, naye ametoa maoni, na hayapaswi kuhesabiwa kuwa ushamba wa kutojua kwamba sinema ni maigizo.

Ndipo ninapomtazama mwalimu mwenzangu. Mwanafunzi akiandika katika insha ya uhakiki kwamba "mnyama hachomi nyumba", atapata alama ngapi? Mwongozo wa kusahihisha unataka maudhui, dhamira, wahusika, tamathali, kila kimoja na mifano yake. Ninawajua walimu hodari ambao wangeandika pembeni kwa wino mwekundu: "Fafanua." Nami ningependa kujua wao wangeifafanuaje.

Siku ya pili wanafunzi walileta insha zao. Binti mmoja aliandika kwamba Ozi ina Gojira wake, nayo ni chumvi. Kwa wasiopajua pale nieleze kidogo. Kilimo cha mpunga cha Ozi kilitegemea bahari bila kuigusa. Maji matamu ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo bahari ilipojaa, hasa wakati wa bamvua, ilisukuma mto nyuma na kuyapandisha maji matamu hadi mashambani. Ilipokupwa, maji yakashuka. Hapakuhitajika pampu. Lakini mpango huo unataka mto wenye nguvu ya kuisukuma bahari. Huko juu Tana ulifungwa kwa mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji mengine huchukuliwa na mashamba ya umwagiliaji na mabomba ya miji, na ukame haukosekani. Mto ukidhoofu, bamvua hupandisha chumvi yenyewe. Mpunga umekauka, na miembe na migomba imekufa kwa miguu yake. Binti yule aliandika kwamba filamu ya Japani na kijiji chake zina kisa kimoja: watu wa mbali walifanya jambo lao, na kitu kikatoka baharini kikawaangamiza wavuvi na wakulima ambao hawakuulizwa.

Nilidhani nimepata insha bora ya mwaka. Nikaisoma kwa sauti barazani. Mkulima mmoja, baba wa makamo, akatikisa kichwa. Alimsifu binti kwa kalamu yake, kisha akampinga. Gojira, alisema, anakuja usiku mmoja na kuondoka, na kila mtu anamwona, na serikali inaleta vifaru. Tokyo ilijengwa upya, naye anajua hivyo kwa sababu injini ya mashua yake imetoka Japani. Chumvi haina usiku wa kuja. Inaingia kidogo kidogo msimu hadi msimu, hakuna wa kuipigia king'ora, na hata wewe mwenyewe hujui ni lini shamba lilikufa.

Binti hakunyamaza. Alisema kwa adabu, "Ndiyo maana, baba, inahitaji jitu, ili watu walione." Sidhani kama nimepata kusikia, katika semina yoyote ya fasihi, sababu nzuri zaidi ya kuwako kwa filamu za viumbe wakubwa. Lakini hoja ya mkulima nayo haijafutika. Kiumbe cha mita 50 kinatuzoesha kungoja adui anayeonekana kutoka mbali. Mimi namuunga mkono binti kwa kiasi cha hatua mbili, kisha nasita.

Wazee walipendezwa zaidi na jinsi jitu linavyokufa. Daktari Serizawa amevumbua silaha inayoiondoa oksijeni yote majini. Anaogopa isije ikatumiwa vitani, basi anachoma karatasi zake, anazama pamoja na silaha, na kuikata kamba yake ya hewa ili siri ife naye. Mzee mmoja alisema hapo hapo kwamba hicho ni kisa cha Liongo kilichopinduliwa. Wanafunzi wetu wanamsoma Fumo Liongo vitabuni. Kwa watu wa Ozi na Kipini ni mtu wa kwao, na kaburi lake huonyeshwa upande huo. Liongo alikuwa jitu, na siri ya mauti yake, sindano ya shaba ya kitovuni, aliijua yeye peke yake mpaka alipomwambia mwanawe, naye mwana akamuua. Liongo aliitoa siri yake kwa mwana na ikamwangamiza. Serizawa aliinyima dunia nzima siri yake na akaangamia nayo. Mzee alimwona Serizawa kuwa ndiye mwerevu zaidi. Mwingine akambishia kwa kukumbusha kwamba Liongo alipokufa alipiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa, wasijue kwamba amekwisha kufa. Jitu likifa si mwisho wa kisa, alisema. Tazameni watu wanakunywa nini kesho yake.

Hapo yule mvuvi wa mamba, aliyekuwa kimya tangu tulipoanza kuzungumza habari za siri, akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na samaki je?"

Maana silaha ya Serizawa haichagui. Katika filamu yenyewe tunaonyeshwa jaribio lake ndani ya tangi la kioo: samaki wanabaki mifupa, kisha hata mifupa hakuna. Silaha hiyo hiyo inaachiliwa katika ghuba ya Tokyo, wanahabari wanashangilia, mabaharia wanavua kofia kwa heshima ya aliyekufa, na hakuna anayetaja kwamba ghuba hiyo ina wavuvi wake ambao kesho yake watashusha nyavu. Nilikwisha kuitazama filamu hii mara nyingi na kuisomea mengi kabla ya siku hiyo. Mvuvi akaomba nirudishe picha za tangi. Usiku ule tulizitazama mara mbili, wazee wakisogea karibu na shuka, mpaka betri ikaisha.